Sahani saba, majina manne

Mume wangu alikuwa mkaidi. Nalisema kwa upendo, maana mkaidi huyo nilimpikia miaka mingi na sijutii hata siku moja. Tulishuka Kalemie kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa, yeye na nyavu zake, mimi na sufuria zangu, na Sabato yetu tuliyolelewa nayo. Zama zile za Zaire, kila Jumamosi watu wote walitakiwa watoke kwenda salongo, kufyeka majani na kuzibua mifereji bila malipo. Kwetu Jumamosi ni siku ya Mungu. Basi mume wangu akajitafutia dawa: Ijumaa, kabla jua halijazama, alizibua peke yake kipande cha mfereji alichopangiwa, akamwita kiongozi wa mtaa aje kukiona. Kiongozi alitazama, akaondoka. Kesho yake askari wawili walimngoja mlangoni pa kanisa, wakamchukua.

Jumapili nikabeba chakula hadi kasho, ile selo ndogo ya mtaa. Mlinzi alipokea sahani yangu, kisha akasema, “Mama, bwana yako haiko huku. Jina yake haiko mu kitabu.”

“Kama haiko, sahani unamupelekea nani?”

Alicheka, akafunga mlango. Baadaye sahani ilirudi, nikaifungua palepale barabarani. Miiba ya mgebuka, samaki wa ziwa letu, ilikuwa imepangwa ukingoni, mmoja baada ya mwingine, mirefu kwanza, mifupi nyuma. Hapa duniani sikujua mtu mwingine anayekula hivyo. Tangu tuoane nilikuwa nikimgombeza kwa tabia hiyo, namwambia samaki si shanga. Siku ile nililia na kucheka mbele ya wapita njia, wakadhani nimerukwa na akili.

Furaha haikufika hata jioni. Jirani yangu, mjane wa karani, aliniambia wazi kwamba mtu asiyeandikwa wanaweza kumpakia kwenye lori wakampeleka wanakotaka, na mke wake asipate wa kumwuliza. Sikulala. Jumatatu asubuhi mjane huyohuyo alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, akanipeleka parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Mimi peke yangu nisingethubutu hata kupanda ngazi zake.

Tulipokelewa na kijana aliyevaa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopauka mabegani. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mtu wa serikali aliyewahi kunifanyia.

“Mama, sheria inasema muntu asipite siku mbili mu kasho bila kuletwa mbele yetu,” alisema. “Na inchi yetu ilitia sahihi pamoja na inchi zingine, kwamba hakuna kumufunga muntu ovyo.”

Nilikuwa na hasira, nikamjibu, “Na mulinzi wa kasho, ile sahihi anaijua?”

“Hapana. Njo maana nitaenda mimi mwenyewe.” Akawaza kidogo. “Lakini nikifika watanionyesha kitabu, na watu watakuwa wamefichwa. Uko na alama gani kama yuko mule?”

Nikamweleza habari ya miiba. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliniuliza ni sahani ngapi huingia mle kila siku, nami sikujua, kwa kuwa walinzi walitaka kila mwanamke aje saa yake, tusikutane. Akasema atakuja Alhamisi saa sita. Yaliyobaki, kuwakusanya wanawake waje pamoja saa hiyo, aliniachia mimi.

Siku mbili nilisimama pembeni mwa barabara ile nikimvizia kila mwanamke mwenye sahani iliyofungwa kitambaani. Wengine walinikimbia, na siwalaumu. Mmoja alinitukana kwa Kiholoholo, kisha akarudi kuniuliza tukutane saa ngapi. Alhamisi tulifika saba kwa mpigo. Kukataa, walinzi hawakuweza: kila sahani ilikuwa ikiwaachia kichwa cha samaki au donge la bukari, ugali wetu, na harufu ya saba kwa pamoja iliwalegeza. Tamaa mbele, mauti nyuma. Walizipokea zote.

Kijana wa parke alifika kwa miguu, jasho likimtoka. Akaomba kitabu. Majina manne. Akaagiza sahani zote ziletwe nje, zipangwe kwenye benchi. Wale wanne wakaitwa, kila mmoja akachukua yake. Zikabaki tatu.

“Hizi ni za nani?”

“Ni zetu, sitwayeni,” mlinzi alijibu, kwa neno la zama zile la kumwita mtu mwananchi.

“Vizuri. Mbele ya kufungua, uniambie ndani muko nini.”

Mlinzi alitazama vitambaa, akatazama chini. Kijana akanigeukia. Nikasema: mgebuka mmoja bila kichwa, sombe ya majani ya muhogo na mawese, bukari, na pilipili mbili kando. Akafungua. Vilikuwemo vyote, ila pilipili moja ilikuwa imeshaliwa.

Basi akaketi kwenye benchi, kando ya sahani zetu. “Hazitoki hapa mpaka wenyewe wakuje,” alisema, “na mimi vilevile sitoki.” Jua lilikuwa kali. Mwishowe mkubwa wa walinzi alitoa ufunguo mfukoni, akaenda kufungua stoo ya nyuma.

Mume wangu alitoka amefumba macho kwa ajili ya mwanga, ndevu zimemjaa. Kijana alimwuliza jina lake, akaliandika kitabuni kwa mkono wake mwenyewe, na majina ya wenzake wawili, kisha akawaachilia hapohapo. Yule mkaidi wangu akasema atatoka akimaliza kula. Alikula, akapanga miiba. Sikumgombeza.

Tangu hapo alizibua mfereji wake kila Ijumaa, na hakuna aliyemgusa tena. Alikufa kitandani kwake, mikono yake ndani ya yangu. Kwa hilo namshukuru Mungu, na mjane wa karani, na wale wanawake sita waliokuja na hofu yao.

Yule kijana walimhamisha kabla ya masika. Nilipeleka samaki parke kumshukuru, nikamkuta mwingine mezani pake, akaniuliza namtafuta nani. Mimi niliyehangaika hivyo ili jina moja tu liandikwe, yeye jina lake sikuwa nimemwuliza.