Nyuki Wamekataa Mzinga Wangu, Wamehamia Boksi

Leo nyuki wameniaibisha mbele ya babu yangu. 🐝

Wiki tatu nimechora masega, nikaingiza michoro kwenye kompyuta, nikachapa mzinga kwa printa ya 3D. Vyumba vyote tayari, pembe sita sita!

Juzi nikaupeleka kijijini Ipole kwa babu, mrina asali tangu enzi za Ujamaa. Nikautundika mtini. Boksi nililoubebea nikaliacha chini.

Leo asubuhi nyuki wamejaa tele…

kwenye boksi.

Babu kacheka hadi kofia ikadondoka. "Sisi tulihamishiwa kijijini, nyumba tukajenga wenyewe. Wewe umewapa iliyokwisha kujengwa. Wafanye kazi gani humo?"



Ndipo bibi akaninong'oneza: babu alilipaka boksi nta, ile inayoita nyuki!

Kesho nawasilisha mradi huu chuoni. Jamani, nipeleke mzinga, boksi, au babu?