Siku Barabara Ilipoacha Kutoa Vumbi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo haimo katika tarehe zenu. Ninyi mnajua mwaka ambao lami ilifika Handeni, mnajua hata siku za mashindano ya magari na nani aliongoza. Vizuri, zishikeni. Yangu ni Jumamosi moja ya wiki ile barabara yetu ya Kilole, hapa Korogwe, ilipofunguliwa ikiwa na lami mpya.

Kabla ya hapo gari tulilijua kwa vumbi. Likiwa bado mbali, wingu jekundu linapanda juu ya miti, na hata kuku wanakimbilia majanini. Usicheke, kuku wa Kilole walikuwa na akili. Usipoliona vumbi, unavuka huku unapiga soga.

Mama yangu alikuwa kibarua wa mkonge. Siku hiyo tulitoka kuokota kuni, yeye kajitwika mzigo mrefu kichwani, mimi kijana wa miaka kumi na saba mikono mitupu, maana nilijiona mkubwa mno kubeba kuni. Mwenye mzigo kama ule hawezi kugeuza shingo. Tulipofika kando ya barabara akasema, "Nitazamie, baba. Gari lipo?"

Nikatazama juu ya miti, pale tulipozoea kuliona vumbi. "Hamna, mama. Vuka."

Akavuka. Lori likatokea kwenye kona kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona maishani. Honi, breki, kuni zikaruka, mama yuko chini. Nilipiga yowe nikamwita kwa jina lake, kitu ambacho mtoto hathubutu. Mwanangu, nilijua nimemuua mama yangu.

Kumbe lori lilikuwa limegonga kuni, yeye likamkosa kwa shibiri. Dereva alishuka, anasema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga! Kinga yenyewe ilikuwa mimi.

"Sikuona vumbi, mama," nikasema huku nalia.

Akajiinua, akajikung'uta. "Nilikuuliza gari, mwanangu. Wewe umenijibu vumbi."

Hakunipiga, heri angenipiga. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kila tulipofika barabarani alitua mzigo, akatazama mwenyewe huku na huku, ndipo akajitwika tena. Nami nimesimama pembeni yake, macho yangu mazima.

Mazoea yana taabu, mwanangu. Anayekutegemea akikuuliza jambo, usimjibu kwa ulivyozoea. Geuka, ulitazame lile alilokuuliza; na kama hujaliona, sema hujaliona, hutapungukiwa kitu. Haya, washa pikipiki yako uende. Mungu akulinde njiani, na akujalie wale wanaokupenda wasifike siku ya kuacha kukuomba uwatazamie njia.