Vumbi Ndani ya Kamera

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, na bora uisikie kwangu kabla majirani hawajakusimulia kwa chumvi zao: siku niliyoitoa kamera nzima, pamoja na lenzi yake nzuri, kwa sababu ya punje chache za vumbi.

Umeniandikia ukiuliza kama ununue mwili mpya wa kamera, yaani kamera bila lenzi, au ubaki na huo ulio nao. Kaa kwanza.

Nilikuwa bado na nywele nyeusi, hapa hapa Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi. Wenzangu wapiga picha walifuata harusi mpaka mji wa Kipushi. Mimi ni mtu wa nyumbani, hata nikivuka barabara tu naaga kama naenda Ulaya. Basi nilipaka ukuta wangu rangi ya buluu, na Jumapili watu wakitoka misa walikuja na nguo zao nzuri kusimama mbele yake. Ukuta ndio ulikuwa studio, na kwa bahati yangu haukuwa mbali na sufuria ya mke wangu.

Kiangazi kimoja foto zikaanza kutoka na madoa. Doa moja kila mara pale pale, kwenye kona ya juu, jingine katikati, kifuani mwa mtu. Nikafuta lenzi kwa shati, madoa yapo. Nikatangaza kwamba kamera inakufa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona mpya mjini, na tangu siku hiyo ile ya zamani niliisikia ikikohoa. Muuzaji akakubali tubadilishane: nimpe kamera yangu na ile lenzi nzito iliyoona hata penye giza, anipe mpya na lenzi yake ndogo ya plastiki. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Wiki mbili baadaye ikafika komunyo ya kwanza ya Béatrice, binti wa jirani yangu Mama Kapinga. Bibi yake mtoto alikuwa ametoka Kilwa, ile ya kwetu kwenye ziwa Mweru, siku kadhaa juu ya lori, barabara ile unaijua, na alishasema kwamba kwa miguu yake ile hatarudi tena Lubumbashi. Alitaka kitu kimoja tu: foto yake na mjukuu, aende nayo. Kwa ajili yake nilikubali hata kutoka nyumbani. Lakini kanisani mlikuwa na giza, na ile lenzi ndogo haikuona kitu. Béatrice alitoka kama moshi mweupe, bibi hakutoka kabisa. Nikawaleta kwenye ukuta wangu wa buluu. Pale walionekana, ila juu ya gauni jeupe la komunyo yalikaa madoa. Madoa mapya, ya kamera mpya.

Mama Kapinga aliitazama foto, akanitazama mimi, akanirudishia. Bibi alikuwa anaondoka kesho kutwa.

Nikakimbilia kwa Mzee Kalenga, mpiga picha wa siku nyingi. Nilimkuta na kamera yangu ya zamani mapajani, kumbe ndiye aliyeinunua kwa yule muuzaji. Akaniuliza nikitaka kuitoa lenzi kwenye kamera huwa naifungulia wapi. Nikasema uani. Na mke wangu anafagia wapi? Uani. Na hii mpya nimeifungua mara ngapi? Hapo nikainama. Nilikuwa nimeifungua karibu kila siku, kuwaonyesha majirani jinsi ndani kunavyong'aa. Mzee akachukua pampu yake ndogo ya mpira, akaielekeza kamera chini, akapuliza ndani mara mbili, akapiga foto ya mbingu. Safi. Ile ya zamani nayo, alisema, ilipona kwa pumzi hizo hizo.

"Mutoto, vumbi ikiingia mu nyumba yako, unahama ao unafagia?"

Kisha akaniazima kamera yangu mwenyewe, na lenzi yake. Kesho yake Béatrice alivaa gauni tena, bibi akakaa kwenye kiti cha jikoni kwetu, akaushika mkono wa mjukuu kama mtu aliyeshika nauli yake. Foto ile ilienda Kilwa imefungwa ndani ya kitenge, na bibi kweli hakurudi tena. Mzee akakubali tubadilishane, nirudishiwe yangu. Mpaka leo namshukuru, maana angeweza kunicheka tu, akaniacha niende.

Kamera ile niliitumia hadi shata yake, kile kipazia cha ndani kinachofunguka ukipiga, ikakatika. Hapo nilinunua nyingine bila aibu. Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi. Nionyeshe kwanza foto ambayo kamera yako imeshindwa kuipiga. Ikiwa ni vumbi, puliza. Ikiwa ni giza, tafuta lenzi. Ikiwa ni tamaa, kunywa maji, ulale. Ukishindwa baada ya hayo yote, nunua, na baraka zangu ziende nawe. Mungu akulindie macho, na asikunyime watu wa kusimama mbele ya ukuta wako.

Kabla ya kukutumia barua hii nilimsomea Mama Kapinga maneno haya, yeye akiwa upande wake wa ua. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua ndoo yake, akasema: "Kamera ilikuwaka muzima. Mwenye alikuwaka mugonjwa ni weye."