Shukrani ya Mama Hélène

Sisi tulioishi karibu na Constantin Kalenga tulijua kwamba hasalimiwi midomo yake ikiwa inachezacheza. Alikuwa bobineur, fundi wa kusuka upya mota zilizoungua. Anatoa nyaya nyeusi zote, kisha anazungusha nyaya mpya za shaba, mzunguko mmoja mmoja, na kila mzunguko lazima uhesabiwe. Ukimkatiza kwenye mia mbili na kumi na nne, anafumua na kuanza upya. Kwa hiyo mke wake, Mama Hélène, ndiye aliyeitikia salamu kwa niaba yake kutoka mlangoni.

"Anahesabia, papa. Pita tu, nitamuambia kama ulipita."

Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha shaba nje ya mji wetu wa Likasi. Jina la kiwanda sitaliandika. Mwezi wa tatu mwaka 2023 mashine zilisimama, kwa sababu umeme haukutosha na tindikali ilikosekana. Wafanyakazi hawakufukuzwa. Waliambiwa wako katika chômage technique, maana yake mkataba umelala lakini haujafa. Kila mwezi walipewa sehemu ya mshahara, na kadi ya matibabu ya familia ilibaki mikononi mwao. Sharti lilikuwa kufika getini kila Alhamisi kwa pointage, yaani kutia sahihi.

Sehemu ile ya mshahara ilikuwa ndogo. Kadi ndiyo iliyokuwa na maana kwa Constantin. Mama Hélène alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kudungwa sindano asubuhi na jioni, na hospitali ya kiwanda ilimpa dawa yake ya insulini kila mwezi bila kuuliza kitu kingine zaidi ya kadi. Dawa ile inataka baridi. Hapa Kikula, mtaa wetu, umeme unaondoka bila kuaga, na friji ni kabati tu. Constantin alichukua chungu kidogo akakiweka ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga katikati, na kila asubuhi aliumwagia mchanga ule maji kabla hata ya kunywa chai. Chupa ya dawa ilikaa humo ndani, imefungwa kwenye kitambaa safi.

Siku za Alhamisi foleni ya getini ilikuwa ndefu, na ilikuwa na vichekesho vyake. Aliyechekesha zaidi ni Clovis, aliyekuwa akiendesha grue, mashine ya kunyanyulia mizigo, pale kiwandani.

"Chef, angalia sura muzuri!" alimwambia Casimir, mtu wa huduma za jamii wa kiwanda, aliyeshika orodha. "Ni minye mwenyewe, hapana ndugu yangu!"

"Weye Clovis, hata ukikufa utakuya kutia sinyatire."

"Kama kule juu hakuna pointage, nitarudia tu hapa."

Watu walicheka, wakasogea. Ukutani, nyuma ya kiti cha Casimir, zilibandikwa karatasi mbili za Kifaransa zenye herufi ndogo, zimefunikwa plastiki iliyopauka kwa jua. Zilikuwa na masharti yote. Sidhani kama kuna mtu aliyevuka mistari miwili ya kwanza. Watu waliishika sheria ile iliyopita midomoni mwa foleni: wakijua unafanya kazi pengine, wanakutoa.

Mwaka ukapita, na miezi mingine. Constantin alikonda. Hakukosa chakula kabisa. Mikono yake ndiyo iliyokosa kazi. Alitengeneza mlango ambao haukuwa umeharibika. Mwezi wa saba mwaka 2024, Franck, mwenye atelier, karakana ya mota, karibu na soko, alikuja kumwona nyumbani. Vinu vya mahindi vya mtaa vilikuwa vinaunguza mota, na kijana wake wa kazi alikuwa amekimbilia Kakanda kuchimba.

"Yaya Constantin, kaka yangu, nakulomba siku mbili tu mu juma. Mardi na vendredi, asubuhi."

"Na Casimir akisikia?"

"Atasikia na nini? Bobineur hapigake makelele."

Constantin alicheka, akakubali Jumanne na Ijumaa, na Jumanne iliyofuata alikwenda. Alirudi saa saba ana harufu ya vernis ya kupaka nyaya kwenye vidole, ana mota nyingine ndogo kwapani ya kumalizia nyumbani. Alikaa uani, midomo ikaanza kuchezacheza. Nilipita nikamsalimu kwa kusahau, na Mama Hélène akatokea mlangoni haraka, uso wote ukiwaka.

"Anahesabia, papa!"

Alikuwa hajalisema neno hilo kwa zaidi ya mwaka mzima.

Juma la pili Mama Hélène alikuja kwenye ofisi ya parokia. Mimi ndiye katibu, ninayeshika daftari la nia za misa. Mkristo anakuja na nia yake, ya marehemu, ya safari, ya shukrani. Mimi naiandika, na Jumapili msomaji anaisoma mbele ya watu wote kabla ya misa kuanza.

"Papa secrétaire, nataka misa ya kushukuru."

"Kushukuru nini, mama?"

"Mungu alitukumbuka. Papa Constantin alirudia mu mota."

"Kiwanda kimefunguliwa?"

"Hapana, ni kwa Franck, pale soko. Mardi na vendredi. Andika tu 'familia Kalenga, shukrani'. Na usimuambie, nataka asikie ye mwenyewe mu kanisa."

Nilimwambia kwamba nia ikisemwa kwa ukamilifu, wakristo wanajua wanaombea nini. Padri wetu anapenda hivyo. Mimi pia ndivyo nilivyozoea. Sipendi mstari unaoacha maswali. Niliandika: *Familia ya Constantin Kalenga inamshukuru Mungu kwa kazi mpya ambayo baba ameipata katika atelier ya Franck, siku mbili kwa juma.* Nikamsomea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akatabasamu.

"Ni muzuri. Hata tarehe ya mardi na vendredi Mungu ataijua."

Alijua sheria ya foleni kama sisi sote tulivyoijua. Lakini kwake mambo ya getini yalikuwa ya getini, na lililosemwa kanisani liliambiwa Mungu. Nami nilifikiri hivyo hivyo, kama nilifikiri chochote.

Jumapili, misa ya pili, nia ile ilisomwa kwa sauti nzuri. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mama Hélène alisimama akacheza hatua tatu mahali pake. Constantin alikuwa kando yake kwenye benchi la tatu. Nilimwona akiinua kichwa, kisha akikishusha na kuangalia mikono yake. Casimir alikuwa upande wa kwaya. Anaimba sauti ya nne. Clovis alikuwa nyuma, karibu na mlango.

Alhamisi, Constantin aliingia kwenye foleni kama kawaida. Yaliyotokea pale alinisimulia mwenyewe.

"Aa, papa mwenye misa!" Clovis alipaza sauti. "Shiye tunakula na mukono moja, weye unakula na yote mbili!"

Walicheka. Lakini kuna sauti nyuma ambayo haikucheka.

"Njo vile. Shiye tunakatala kazi juu ya kuogopa, ye anapigiwa makofi."

"Na ni wapi iliandikwa kama Constantin peke yake iko na bibi mugonjwa?" mwingine akasema.

Clovis alijaribu kurudisha mzaha. Haukurudi. Casimir aliweka kalamu chini.

"Papa Constantin, minye nilitaka nisisikie. Lakini kanisa muzima ilisikia."

Barua ilifika baada ya majuma mawili. Jina lake limetolewa kwenye orodha, na kadi ya matibabu irudishwe. Constantin alikwenda kuomba. Alimkuta Casimir peke yake getini, foleni imekwisha. Casimir hakumjibu kwa ukali. Alimshika mkono akampeleka ukutani, akaweka kidole kwenye karatasi ya pili, karibu na mwisho, akasoma taratibu, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Mfanyakazi anayepata kazi ya saa chache mahali pengine aseme kabla ya kuianza. Sehemu yake ya mshahara itapunguzwa kwa kipimo cha anachopata kule. Kadi itabaki. Asiyesema, anatolewa.

"Ungeliniambia tu," Casimir alisema. "Ningeliandika mustari moja."

"Banasemaka kama ukiambia banakutosha ku orodha."

"Nani alisema?"

Constantin aligeuka akaangalia mahali ambapo foleni husimama. Palikuwa na vumbi na kopo la maji lililosahauliwa.

"Bote," alisema.

Walijaribu njia nyingine. Casimir mwenyewe aliandika barua ya kuombea. Ilirudi na mhuri wa kukataa. Franck hakuwa na siku za kuongeza, kwa sababu mtu mwenye kinu akikosa mahindi hata mota haiungui. Dawa ikawa ya kununua katika duka la mjini, na asubuhi mbili za kusuka mota hazikuweza kuifuata kila mwezi. Constantin aliuza baiskeli, kisha redio. Kila asubuhi aliendelea kumwagilia mchanga wa chungu chake.

Kuanzia Krismasi aliona kwamba chupa inakawia kwisha. Ilikuwa ikimaliza majuma matatu, sasa inafika matano, hata sita. Alifurahi. Alikuja kunieleza kazi ya chungu kile, jinsi mchanga wa mtoni unavyoshika baridi kuliko mchanga wa barabarani, na akasema labda dawa iliyotunzwa vizuri inafanya kazi zaidi, kwa hiyo inatumika kidogo. Mtu huyu aliyehesabu mizunguko mia tano bila kukosea hakuwahi kuhesabu sindano za mke wake. Mama Hélène alikuwa akijidunga mwenyewe, ndani, mlango umerudishwa. Alikuwa anavuta nusu. Baadaye akawa anaruka jioni.

Mwezi wa nne alipita ofisini kwangu akakaa kwenye benchi la nje. Kitenge chake kilikuwa kimezunguka kiuno karibu mara mbili. Nikafungua daftari.

"Usiandike kitu, papa. Napumuzika tu, njia inakuwa murefu siku hizi."

Nilikaa karibu naye.

"Mama, ile misa," nilisema.

"Ile misa ilikuwa muzuri. Hata bale bamama ba upande ya mbele walipiga vigelegele, na bananijua hata jina hapana."

"Ni mimi niliongeza yale maneno."

"Na minye nilikuacha uongeze. Nilipenda kuyasikia." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Papa Constantin alikuwa anajiona mutu wa bure. Nilitaka basikie kama hapana."

Akasimama kwa kushika ukuta, akaenda zake.

Alifariki mwezi wa sita mwaka 2025, wakati wa baridi ya kiangazi, asubuhi. Alikuwa amelala siku mbili katika hospitali ya serikali, haongei. Daktari ndiye aliyemuuliza Constantin mke wake alikuwa akidungwa kiasi gani. Constantin alisema kiasi chote kilichoandikwa. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole majuma ya kila chupa. Aliporudi nyumbani kuchukua nguo za maziko, alikuta kwenye chungu chupa mbili. Moja ilikuwa haijafunguliwa.

Kwenye maziko Casimir aliimba na kwaya, na Clovis alichimba kaburi pamoja na vijana, hakutaka kupokelewa sepetu. Mwezi wa nane kiwanda kilianza tena kidogo, na wale wa foleni wakaitwa mmoja mmoja kwa orodha. Constantin hakuwa kwenye orodha. Anakwenda kwa Franck bado, Jumanne na Ijumaa.

Siku ya arobaini ilipokaribia alikuja ofisini. Nilifungua daftari, nikaandika tarehe.

"Niandike nini, papa?"

"Jina yake."

Niliandika: Hélène Mwadi. Kalamu yangu ilibaki juu ya karatasi, kwa mazoea, ikingoja mengine: mke wa nani, aliyefariki lini, anaombewa na nani. Constantin aliiangalia ile kalamu.

"Inatosha," alisema. "Usiongeze kitu."

Nilifunga daftari. Jumapili, msomaji alipofika kwenye jina lile alisimama kidogo, akageuza karatasi, akidhani kuna maneno yaliyobaki upande wa pili. Hayakuwapo. Akaendelea na nia iliyofuata.