Bi Somoe Niliyemtungia Ngonjera

Admin, nifichie jina, maana watu wa Mtwara tunajuana mpaka mbuzi wetu. Nina miaka sitini na nne, mwalimu mstaafu, nakaa Mtawanya na wajukuu wawili. Najua mtanitukana. Tukaneni, ila mkimaliza mnishauri, Ijumaa si mbali.

Nilikuwa darasa la saba enzi za vijiji vya ujamaa. Sisi tulihamishiwa kule mbele ya Naliendele, nyumba zimepangwa mstari, mikorosho yetu tumeiacha kwenye mahame kule tulikotoka. Shule ilikuwa na kikundi cha baada ya masomo: gwaride, ngoma na ngonjera. Wanakijiji ndio waliokibeba. Huyu katoa ngoma, yule katoa kanga tukashonewa sare. Na Bi Somoe, mjane, mama yake rafiki yangu Mwanahawa, alitupikia uji wa makopa kila Jumatatu na Alhamisi, muhogo wa shamba lake mwenyewe. Tangu asubuhi anatwanga, anachekecha, anateka maji. Kuna watoto hawakuonja kingine siku hizo, mimi mmojawapo.

Sasa, Jumatatu na Alhamisi ndizo zilikuwa siku za shamba la kijiji. Asiyefika, balozi wa nyumba kumi anamsoma jina mkutanoni. Bi Somoe akawa anasomwa kila wiki. Kila mtu alijua yuko wapi, lakini kwenye daftari la balozi hakukuwa na mahali pa kuandika uji.

Tukaambiwa wageni wa wilaya wanakuja. Mwalimu wetu, mtu wa bara, mkali kama pilipili, akaniita. "Wewe ndiye mtunzi. Ngonjera isiyotaja wavivu kwa majina ni kelele tu. Taja mmoja, kijiji kishike adabu."

Wavivu wa kweli walikuwepo, walevi wa pombe ya mabibo, nawajua mmoja mmoja. Nikamchagua Bi Somoe. Mnajua kwa nini? Jina lake lilikaa vizuri kwenye kina. Halafu hakuwa na mume wa kuja kumshika baba yangu shati. Ndiyo hivyo, sitawapamba.

"Jembe limeota kutu, mlangoni kwa Somoe,
Twendeni tukamwone, kupe huyu tumng'oe!"

Wageni walicheka mpaka wakajifuta machozi. Bi Somoe alikuwa amesimama pale pale kwenye mafiga, upawa mkononi, anatupikia. Mwanahawa alikuwa mstari wa nyuma, kafunika uso kwa viganja, hakutamka hata neno moja. Wala hakujua mtunzi nani, alidhani maneno ni ya mwalimu.

Kesho yake watoto wakapita wanaiimba. Wakaingia shambani kwa Bi Somoe wakang'oa muhogo wote, hata ule mchanga usiofaa kitu. Hakuna mzazi aliyewakemea. Si ndivyo ngonjera ilivyosema? Kikundi kikasifiwa mpaka wilayani, mwalimu akanipigia debe, nikapata nafasi ya sekondari na baadaye chuo cha ualimu. Mkate wangu wote wa maisha umetoka kwenye ubeti ule.

Siku ya tatu Bi Somoe akanikuta kisimani. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akaniuliza, "Mwanangu, maneno yale kayatunga nani?"

Nikamjibu bila hata kumeza mate, "Mwanahawa, mama. Yeye ndiye alisema wewe mvivu. Hukumwona alivyoficha uso?"

Akajitwika mtungi wake. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Nenda nyumbani, jua kali."

Hakumpiga mwanawe, hakumfukuza. Aliacha tu kula chakula cha mkono wake. Mwanahawa anapika, mama anakwenda kula kwa jirani. Miaka sita! Alipougua ugonjwa ule wa mwisho mimi nilikuwa likizo, nikaenda kumwona. Mwanahawa akamletea maji, mama akageukia ukutani. Nikakichukua kikombe mimi. Kwangu akanywa, tena akaniombea dua. Mwanahawa kasimama mlangoni anatazama. Astaghfirullah, nilinyamaza hata pale.

Sasa Mwanahawa ana sukari, mguu mmoja umekatwa. Juzi kaletwa kwangu na bintiye. Akasema, "Shoga, nimefikiri sana. Mama aliniacha kwa sababu siku ile sikutoka mstarini nikawanyamazisha. Nilimwogopa mwalimu. Sitaki kufa na laana ya mama shingoni."

Nikamwambia, "Ulikuwa mtoto, Mwanahawa."

"Mtoto ndiyo, lakini mama ni mama."

Ijumaa hii anachinja mbuzi. Watoto na wajukuu wake wote wanakuja, isomwe hitima, halafu aombe msamaha makaburini mbele yao kwa kosa lisilo lake. Na mimi kanipa kazi. "Wewe ndiye mwenye kalamu. Niandikie maneno ya kumwomba mama radhi, tena uyasome wewe, mimi nitalia."

Nikisema ukweli, atakufa akijua mama yake aliondoka na chuki ya uongo, na aliyeipanda ndiye amekuwa akimwita shoga miaka hamsini. Je, moyo wake utahimili? Na mimi wajukuu wangu watanitazamaje? Nikinyamaza, nitasimama juu ya kaburi la Bi Somoe nikimsomea uongo wangu kwa mara ya pili.

Nimeshaanza kuandika, jamani, karatasi hii hapa. Kibaya ni kwamba yanatoka mazuri, mwenyewe nimeyasoma nikalia. Ndugu zangu, mama zangu, mashehe mliomo humu, nielekezeni: niyamalize nikayasome, au niende kwake kesho nikamwambie ni mimi?