Kwandu Wawili wa Ngulyati

Tangu ununuzi wa pamba uachiwe watu binafsi, Bariadi ilijaa watu wenye haraka, na Januarius alikuwa mmoja wao. Yeye na mwenzake Constantine walipanga chumba karibu na stendi, wakawa wanawatengenezea watu programu za kompyuta. Wanunuzi wa pamba hawakutaka maneno mengi. Programu iliandikwa chapuchapu, ikapelekwa ghalani, ikarekebishwa hapohapo makarani wakilalamika. Mkulima aliyerudi na mzigo mwingine, jina lilelile na kijiji kilekile, programu ilimchukua kuwa mtu mmoja. Kwa pamba ilifaa sana, na Januarius akavimba kichwa.

Kisha zahanati moja ya misheni ikataka programu ya kutunza habari za wagonjwa. Violeth, muuguzi mkuu, aliomba waende taratibu: Januarius akae naye aone wagonjwa wanavyoandikishwa, na kadi za zamani ziendelee kutumika mpaka programu ijaribiwe. Constantine naye akamwambia hii si kazi ya ghalani. Lakini msimu wa pamba ulikuwa unabisha hodi, na Januarius haambiliki. Alichukua programu ileile ya pamba, akabadilisha maneno, akaagiza kadi zipelekwe stoo. Kasoro wangerekebisha zikijitokeza. Huo ndio ujinga wa mtu aliyefanikiwa mara moja.

Kasoro ikajitokeza kwa mtoto. Huko Ngulyati, wana wawili wa mzee Shigela walikuwa wamewapa binti zao jina la bibi yao, Kwandu, na watoto wote wawili waliandikishwa kwa jina la babu. Januarius ni Msukuma. Hata kwao majina hurithishwa hivyo. Hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Programu ikawaunganisha. Mmoja wao alikuwa anadhurika na penisilini, na onyo lake likafutwa na habari za mwenzake zilizoingizwa baadaye. Akachomwa sindano ya dawa hiyohiyo, akafia mikononi mwa mama yake.

Januarius alikwenda msibani. Walimpokea vizuri, wakamkaribisha mkekani, na hilo lilimuumiza kuliko tusi. Akawaeleza yote bila kujificha, mpaka bibi alipouliza kama mjukuu wake hakuwa ameandikwa.

"Aliandikwa, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi ndiye niliyemfanya mtu mmoja na mwenzake."

Bibi Kwandu hakumlaani, wala hakulia.

"Sasa huyu aliyebaki, baba," aliuliza, "tumbadilishe jina?"