Kimya cha Yaya

Vita vilipofika mji wetu wa Beni, mimi na dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, tulikimbilia Butembo kwa mama yetu mkubwa. Nyumba ilijaa ukoo mzima. Mimi, sifichi, niliipenda: kila mkeka ulikuwa na hadithi yake. Yaya alinyauka. Alichukua ugali wake wa fufu na sombe, lile kisamvu letu, akaenda kula nyuma ya jiko, peke yake, kimya.

Kwetu mtu haondoki na sahani. Tunakula sinia moja. Mama mkubwa alijiona ametukanwa, kisha akaogopa: labda mtoto ameona jambo baya njiani. Akawaita wamama wa kanisa. Walimzunguka Yaya sebuleni, wakaimba, wakapiga makofi, wakamwekea mikono kichwani ili kile kimya kimtoke. Kesho yake wakarudi, wengi zaidi.

Asubuhi moja nilimkuta Yaya anafunga vitu vyake kwenye kitenge.

"Narudia Beni."

"Beni kuko masasi, bunduki inalia kila siku!"

"Masasi inanyamazaka saa ingine. Hawa bamama, hapana."

Hakuwa anatania. Nilimkimbilia mama mkubwa, aliyekuwa anachagua maharagwe uani.

"Mama, Yaya hana pepo. Batu banamuchokesha, ni ile tu."

"Mutu anachokaka na ndugu yake?"

"Anachokaka, na anamupenda. Mupatie shamba yako ya viazi kule Rughenda, alime peke yake mpaka magaribi. Ikishindikana, bamama baniombee mimi."

"Wewe? Hata baombe mwaka muzima, ile kinywa hapana funga."

Akacheka, kisha akamwita Yaya na kumkabidhi jembe.

Nimezunguka miji mingi tangu hapo, nami sibahatishi tena. Wapo watu wanaojazwa na wenzao, kama mimi. Wapo wanaomalizwa nao, kama Yaya. Hao wa pili wakipata nafasi yao, hurudi wenyewe. Kuwavuta ni kuwafukuza.

Siku ile ya jembe, magharibi, Yaya aliingia na udongo magotini. Alinawa, akaketi kwenye sinia letu, akamega fufu. Hakuna aliyemuuliza neno. Wamama wa kanisa walipobisha hodi, mama mkubwa aliwazuia mlangoni.

"Leo mutuachie, bamama," aliwaambia kwa sauti ya chini. "Mutoto anakula."